Chini ya Kisima cha Shela Kuna Nini? Utafiti wa Kufundisha Sayansi ya Ardhi Chuoni

Mpe mwanachuo wa mwaka wa kwanza karatasi tupu na penseli. Mwambie achore kisima kilichochimbwa kwenye vilima vya mchanga vya Shela, Lamu, akichore kwa mkato, kana kwamba kisu kimepita katikati ya kilima kutoka kileleni hadi chini kabisa. Usimwongezee neno. Baada ya dakika 5 kusanya karatasi. Katika nyingi utaona mdomo wa kisima, kamba, ndoo, na huko chini ama ziwa lililojificha pangoni, ama mto unaopita kama bomba. Maji yamewekwa mahali pasipo na mchanga.

Picha hiyo si ya Lamu peke yake. Watafiti wa elimu ya sayansi ya ardhi wameikuta Marekani na Ulaya, kwa watoto wa shule na kwa wanachuo vilevile, na ni miongoni mwa dhana zinazong'ang'ania zaidi. Lugha nayo huitilia mbolea: fundi wa kisima akifikia maji husema amepata mshipa, na mshipa ni kitu chenye njia yake, kinachopita hapa na kuacha pale.

Chini ya Shela hakuna ziwa wala mshipa. Mvua ya masika inazama mchangani na kujaza nafasi ndogo zilizo kati ya chembe na chembe. Chini yake mchanga uleule umejaa maji ya bahari. Lita 1 ya maji matamu ina uzito wa kilo 1. Lita 1 ya maji ya bahari ina takriban kilo 1.025. Tofauti hiyo ya gramu 25 ndiyo inayoyafanya maji matamu yaelee, yakiwa na umbo la lenzi: nene katikati ya vilima, nyembamba kuelekea ufukweni. Hesabu yake inajulikana kwa majina ya Badon Ghyben na Herzberg, walioifikia kila mmoja kivyake zaidi ya miaka 100 iliyopita: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini ya usawa huo. Igeuze hesabu hiyo uone hatari yake. Pampu ikishusha uso wa maji kwa robo mita tu na kuuacha hapo, mpaka wa chumvi huko chini una nafasi ya kupanda mita 10.

Mji wa Lamu unategemea maji ya vilima hivi. Mwanachuo anayehitimu akiwa bado anaona mto kichwani ataamini kwamba pampu kubwa zaidi maana yake ni maji zaidi, na kwamba kisima kikigeuka chumvi dawa ni kuchimba chini zaidi. Kesho ndiye atakayekaa ofisini akiidhinisha visima. Ndiyo maana namna ya kufundisha jambo hili si suala la kupamba somo.

Kwa nini mhadhara hauing'oi picha

Mwaka 2005, Julie Libarkin na Steven Anderson walichapisha matokeo ya mtihani maalumu wa dhana za sayansi ya ardhi uliotolewa mwanzoni na mwishoni mwa kozi 43 za vyuo vya Marekani. Maswali yake hayakutungwa mezani tu. Watafiti waliwahoji wanafunzi kwanza, wakakusanya majibu yao yasiyo sahihi kwa maneno yao wenyewe, na majibu hayo ndiyo yaliyowekwa kama chaguo za kupotosha. Mwisho wa muhula, alama kwa jumla zilipanda kidogo tu. Wanafunzi wengi walitoka na dhana zilezile walizoingia nazo, pamoja na wale waliofaulu kozi.

Sababu yake ni nyepesi kuieleza na ngumu kuitibu. Mwanafunzi hakuja na kichwa kitupu. Amekuja na picha, na kila anachoambiwa hukipachika juu ya picha hiyo. Mhadhiri akisema, "Maji ya chini ya ardhi husogea polepole," mwanafunzi haangushi mto wake. Anaupunguza mwendo. Akiambiwa kwamba mchanga huchuja maji, anauwekea mto kuta za mchanga. Sentensi zote za mhadhiri ni za kweli, daftari limejaa, na picha imezidi kuimarika. Katika mtihani wa kukariri atapata alama nzuri, kwa sababu swali linataka maneno, na maneno anayo.

Ushahidi mpana zaidi ulikuja mwaka 2014, Scott Freeman na wenzake walipounganisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Katika madarasa ya mhadhara mtupu walioanguka walikuwa asilimia 33.8, pale wanafunzi walipofanyishwa kazi darasani walikuwa asilimia 21.8. Mwaka 2020 Elli Theobald na wenzake walionyesha kwamba mbinu hizo pia hupunguza pengo la alama kati ya wanafunzi wa makundi yaliyoachwa nyuma na wenzao, kwa takriban theluthi moja, lakini katika madarasa yaliyotumia sehemu kubwa ya muda kwa mbinu hizo. Kuchomeka swali moja mwishoni mwa mhadhara wa saa 2 hakuhesabiki.

Swali, kura, mjadala, kura

Mbinu rahisi kuianza ni ile aliyoieneza Eric Mazur katika fizikia, Harvard, kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990, na ambayo David McConnell na wenzake waliitengenezea maswali ya jiolojia. Mhadhiri hueleza kwa dakika 10 hadi 15, kisha huuliza swali moja la chaguo ambalo haliwezi kujibiwa kwa kukumbuka neno. Kwa mfano:

Kisima cha Shela kina maji matamu, na uso wa maji uko nusu mita juu ya usawa wa bahari. Ukiendelea kuchimba chini, utakutana na nini? A: mwamba mkavu. B: mto wa maji matamu. C: mchanga uliojaa maji matamu hadi takriban mita 20 chini ya usawa wa bahari, kisha mchanga uliojaa maji ya chumvi. D: maji ya chumvi mara tu unapofika usawa wa bahari.

Jibu ni C, lakini thamani ya swali iko kwenye B na D. B inawanasa wenye picha ya mto. D inawanasa wale wanaofikiri kwa makini lakini wamesahau kwamba kinachoelea huwa na sehemu kubwa iliyozama. Waulize jahazi lenye shehena linakaaje majini, watajisahihisha.

Wape dakika 1 au 2 za kufikiri peke yao, kimya. Kisha kura. Huhitaji vifaa vya umeme: karatasi ya A4 iliyokunjwa sehemu nne, kila sehemu na herufi yake kubwa na rangi yake, huinuliwa kifuani wote kwa pamoja ili jirani asione. Mhadhiri ahesabu kwa macho. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 35 hivi, mjadala utakuwa wa vipofu kuongozana. Rudi ueleze kwa njia nyingine. Wakizidi 70, eleza kwa sentensi mbili uendelee. Kati ya hapo ndipo penye faida: wageukie wenzao kwa dakika 3 au 4, kila mmoja ajaribu kumshawishi aliyejibu tofauti, kisha kura ya pili. Mwaka 2009 Michelle Smith na wenzake walitaka kujua kama kura ya pili hupanda kwa sababu wanyonge huwafuata hodari. Waliongeza swali jingine la dhana ileile baada ya mjadala, kila mtu ajibu peke yake, wakaona kwamba hata katika vikundi ambavyo hakuna aliyejua jibu mwanzoni, wapo waliolipata. Mjadala wenyewe ulikuwa umefundisha.

Makosa yanayoiua mbinu hii yanajulikana. La kwanza ni mhadhiri kutaja jibu, au hata kutabasamu, baada ya kura ya kwanza. Mjadala unafia hapohapo kwa kuwa hakuna tena cha kubishania. La pili ni kutoa alama kwa jibu sahihi: mwanafunzi mwenye shaka atanyamaza na kumfuata anayesifika. Alama ndogo ya kushiriki inatosha. La tatu ni la kwetu zaidi. Somo hufundishwa kwa Kiingereza, na wanafunzi wakilazimishwa kubishana kwa Kiingereza, anayeshinda ni mwenye ufasaha, si mwenye hoja. Waache wabishane kwa Kiswahili, kwa Kiamu wakipenda, kisha waandike hitimisho kwa lugha ya mtihani. Tazama somo la kupwa na kujaa. Kijana wa pwani anajua bamvua na maji mafu tangu utotoni, na anajua bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Jina la Kiingereza la bamvua, spring tide, linasikika kama la majira ya machipuo, na mwanafunzi huanza kuitafuta bamvua kwenye kalenda ya Ulaya. Ukianza na neno analolijua, unaanza mbele kwa hatua tatu.

Lipo pia pingamizi litakalotoka kwa wanafunzi wenyewe, na halina budi kutarajiwa. Louis Deslauriers na wenzake, mwaka 2019, waligawa wanafunzi wa fizikia mafungu mawili: fungu moja likasikiliza mhadhara uliopangika vizuri, jingine likafanyishwa kazi. Wa pili walijifunza zaidi kwa kipimo cha mtihani, lakini walihisi wamejifunza kidogo. Kuhangaika na swali huonekana kama kutoelewa, na mhadhara laini huonekana kama kuelewa. Waambie hivyo wiki ya kwanza, waonyeshe matokeo hayo, na manung'uniko yatapungua.

Sanduku la mchanga

Maneno na kura vina mpaka. Lenzi ya maji ni kitu cha kuonekana, na kwa gharama ndogo inaonekana.

Tafuta sanduku la kioo au plastiki angavu, kama lile la kufugia samaki, lenye urefu wa sm 40, upana wa sm 15 na kina cha sm 20 au zaidi. Simamisha vipande viwili vya wavu wa dirisha vilivyofunikwa kitambaa chepesi ili mchanga usipite, kila kimoja sm 8 kutoka mwisho wa sanduku, uvikaze kwa gundi ya silikoni. Katikati ni kisiwa. Pande mbili ni bahari. Toboa tundu sm 15 juu ya sakafu ya sanduku, upande mmoja wa bahari, utie mpira mwembamba wa kutolea maji. Tundu hilo ni la lazima. Bila hilo, mvua utakayonyesha itapandisha bahari, na kinachoonekana hakitakuwa lenzi bali ndoo inayojaa.

Mchanga uwe wa ujenzi, usiuchukue vilimani Shela. Upitishe kwenye wavu wa dirisha, uliopita ndio utakaotumia, na uuoshe ndooni ukimwaga maji machafu hadi yatoke safi. Huenda ukaosha mara 8 au 10. Utahitaji kilo 10 au 11 kuujaza ukumbi wa katikati hadi sm 18. Ukiacha udongo laini ndani, mvua itatuama juu badala ya kuzama. Ukitumia kokoto au mchanga mnene mno, maji matamu yatakimbilia baharini upesi kiasi kwamba lenzi haipati unene wa kuonekana.

Sasa chumvi. Maji ya bahari halisi yana takriban gramu 35 kwa lita, lakini usitumie kiasi hicho. Kwa uwiano wa 40 kwa 1, uso wa maji matamu ukipanda mm 4 tu, lenzi imeshafika sakafuni mwa sanduku, na hutauona mpaka. Tia gramu 150 kwa lita: uwiano unashuka hadi kama 10 kwa 1, na uso ukipanda mm 8 lenzi inakuwa na kina cha sm 8. Lita 6 zinatosha, yaani gramu 900 za chumvi. Yamimine polepole upande wa bahari ili yaingie mchangani kutoka chini. Ukiyamwaga juu ya mchanga yatafunika hewa, na mapovu yataziba njia.

Kisima ni mrija mwembamba angavu, mdomo wa chini umefungwa kipande cha kitambaa hicho chepesi, umesimama ukigusa kioo, ncha yake sm 4 chini ya usawa wa bahari. Mvua ni chupa za lita 1.5 zilizotobolewa kifuniko kwa pini, zenye maji matamu yaliyotiwa rangi nyekundu ya chakula. Nyunyiza takriban nusu lita kwa dakika, ukitembeza mkono kisiwani kote. Ijaribu rangi siku moja kabla, kwa kuwa baadhi hung'ang'ania kwenye chembe na kuonyesha mahali maji yalipopita, si mahali yalipo. Kufikia chupa ya pili au ya tatu, lenzi nyekundu imejichora kwenye kioo. Halafu vuta maji kisimani kwa bomba la sindano lisilo na sindano, la ml 50, mara kadhaa mfululizo. Maji ya chumvi yasiyo na rangi yatapanda chini ya mrija kama kichuguu, na kinachotoka kitaanza kupauka.

Jambo moja huwachanganya karibu wote: mchanga unaonekana umelowa hadi juu. Chembe hunyonya maji kama utambi wa taa, kwa hiyo ulowevu si uso wa maji. Uso halisi usomwe ndani ya mrija.

Onyesho hili, pamoja na uzuri wake, halifundishi likitazamwa tu. Mwaka 2004 Catherine Crouch, Mazur na wenzao walionyesha kwamba wanafunzi wanaoshuhudia jaribio bila kutabiri kwanza huelewa karibu sawa na wale ambao hawakuliona kabisa. Waliotabiri kabla walifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuvuta bomba, kila mmoja achore atakachokiona, na kabla ya kufunga kipindi waambie wataje sanduku linadanganya wapi. Chumvi ni zaidi ya mara 4 ya ile ya bahari. Masika nzima imenyesha kwa dakika 9. Kisiwa hiki kina sakafu ya plastiki.

Kutoka nje bila kupotea

Ziara ya nyanjani ndiyo fahari ya masomo haya, na ndiyo inayopotezwa ovyo kuliko zote. Nir Orion na Avi Hofstein, katika utafiti wao wa mwaka 1994, waliona kwamba faida ya ziara hutegemea sana ugeni ambao mwanafunzi anaingia nao: ugeni wa kazi yenyewe, ugeni wa mahali, na ugeni wa hali, yaani jua, njaa, choo, na kutojua mtarudi saa ngapi. Ugeni huo ukiwa mkubwa, akili yote huishia kwenye kuuzoea. Dawa ni maandalizi kabla, si hotuba ndefu zaidi mkifika.

Kwa ziara ya visima vya Shela, wanafunzi watumie kipima-chumvi na kamba ya kupimia darasani wiki moja kabla, waone picha za mahali na ramani ya njia, waambiwe ni mwendo wa kama kilomita 3 kutoka mjini kwa kufuata bahari, kila mtu abebe maji lita 2, na muda wa swala umetengwa kwenye ratiba. Visima vina wenyewe; ruhusa iombwe mapema, na ndoo ya mgeni isitumbukizwe kisimani bila idhini. Soma jedwali la maji kupwa na kujaa. Bahari ya Lamu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, na njia ya ufukweni inayopitika asubuhi huenda isipitike mchana.

Vikundi vya watu 4 vinatosha: wa kamba, wa kipima-chumvi, wa kuandika, na wa kubisha. Kazi ya huyu wa mwisho ni kuuliza kila mara, "Tunajuaje?" Kipima-chumvi husoma upitishaji wa umeme: maji ya bahari huzidi maikrosimensi 50,000 kwa sentimita, na maji mazuri ya kunywa huwa mamia tu, au elfu moja na kitu. Kina hupimwa kutoka mdomo wa kisima hadi uso wa maji.

Hapa ndipo data za ziara nyingi huharibika. Vikundi hurudi na kina cha visima 6, vikachora uso wa maji ukipanda na kushuka kama mawimbi, kumbe walichochora ni midomo ya visima, ambayo haiko usawa mmoja. Simu haisaidii, makosa yake ya urefu huwa mita kadhaa. Na kwa uwiano wa 40 kwa 1, kosa la sm 20 kwenye mdomo wa kisima ni kosa la mita 8 kwenye mpaka wa chumvi. Tumia mpira mrefu angavu uliojaa maji, ule ambao mafundi wa ujenzi hupimia usawa wa msingi: ncha mbili, maji yana usawa mmoja, pima tofauti kwa rula. Hakikisha hakuna povu la hewa ndani, kwani povu moja linatosha kupotosha kipimo. Wanafunzi wakilazimika kugundua wenyewe kwa nini namba zao za kwanza hazina maana, watakuwa wamejifunza nusu ya kazi ya mtaalamu wa maji.

Mkirudi, kipindi cha kwanza darasani kiwe cha data hizo, ndani ya wiki ileile. Ziara isiyofuatiwa hugeuka matembezi.

Kuona ndani ya jiwe, na kuona wakati

Mambo mawili mengine yanastahili kutajwa hata kwa ufupi. Kuona kwa mkato, yaani kutazama uso wa ardhi na kujua tabaka zinaelekea wapi ndani, si kipaji cha wachache. Mwaka 2013 David Uttal na wenzake walikusanya tafiti 217 wakaonyesha kwamba uwezo huu hukua kwa mazoezi na hubaki. Chukua udongo wa kuchezea wa rangi tatu, panga matabaka, yakunje, kisha mwanafunzi achore kitakachoonekana ukikata mshazari. Ndipo ukate. Dakika 10 kila wiki ni bora kuliko kipindi kimoja kizito. Na uwaruhusu watumie viganja kuonyesha mwinamo wa tabaka. Mkono unaweza kusema kitu ambacho mdomo haujakipatia neno.

Kuhusu wakati, Libarkin na wenzake waliona kwamba wanachuo huweza kuyapanga matukio kwa zamu sahihi huku wakikosea vibaya umbali kati yake. Tandaza utepe wa mita 46 kando ya bahari: mita 1 ni miaka milioni 100, mm 1 ni miaka 100,000. Wape vibanio vya nguo wavibane kwa kukisia, kisha wapime. Dinosau wanatoweka sm 66 kabla ya mwisho. Jiwe la matumbawe la kuta za Lamu, linalochimbwa Manda, ni mabaki ya miamba iliyokua wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Kipindi cha mwisho cha namna hiyo, miaka kama 125,000 iliyopita, kiko mm 1.25 kutoka mwisho. Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, haionekani kwa jicho. Usitumie kamba ya nailoni. Huvutika, na sm 66 zako zinakuwa 70.

Kupima kama kuna kilichobadilika

Alama za mtihani wa mwisho hazitoshi, kwa kuwa hazionyeshi mtu alianzia wapi. Toa maswali yaleyale ya dhana wiki ya kwanza na ya mwisho, usiyasahihishe hadharani katikati, na linganisha karatasi za mtu yuleyule. Kipimo kilichozoeleka, alichokitumia Richard Hake mwaka 1998 kwa wanafunzi 6,542 wa fizikia, ni ongezeko likigawanywa kwa nafasi iliyobaki. Darasa lililoanza na asilimia 40 likamaliza na 61 limepanda 21 kati ya 60 zilizowezekana, yaani 0.35. Hake alipata wastani wa 0.23 kwa mihadhara ya kawaida na 0.48 kwa madarasa shirikishi. Kwa darasa la watu 20, usisherehekee tofauti ndogo. Kusanya mihula mitatu kwanza.

Pamoja na namba hiyo, rudisha karatasi tupu na penseli. Kisima kilekile, dakika 5 zilezile. Soma mchoro wa pili kwa vitu vinne: je, maji yako kati ya chembe za mchanga? Je, kuna mpaka na maji ya chumvi? Je, lenzi ya maji matamu ni nene katikati na nyembamba ufukweni? Je, chini ya kisima kinachovutwa, mpaka umeinuka? Utakutana na michoro iliyotimiza yote manne, na utakutana na mingine ambayo ni mchanganyiko: lenzi nzuri imechorwa, na katikati yake, kwa mstari hafifu wa penseli, bado mto unapita. Aliyeuchora huyo hajashindwa. Mpe mchoro wake wa kwanza na wa pili pamoja, mwombe aonyeshe kwa kidole maji ya mto huo yanaingilia wapi na kutokea wapi, na usimkatize anapojibu.